Cecilia Payne na Nyota: Maisha Yake na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Walimu wanafunzi wengi huingia darasani mara ya kwanza wakiamini kwamba kazi ya mwalimu wa sayansi ni kuyatoa majibu yaliyomo kitabuni na kuyatia vichwani mwa watoto. Imani hiyo si ya uongo mtupu, maana kitabu ni akiba tuliyoachiwa na waliotutangulia. Hata hivyo ina upungufu, na upungufu wenyewe huonekana vizuri zaidi katika maisha ya watu walioifanya sayansi kuliko katika kanuni za kufundishia. Kwa sababu hiyo tumechagua kusimulia maisha ya Cecilia Payne, mwanafalaki aliyezaliwa Uingereza mwaka 1900 na kufariki Marekani mwaka 1979. Yeye ndiye aliyegundua nyota zimeumbwa kwa vitu gani hasa. Aligundua hayo akiwa bado mwanafunzi mwenye umri wa miaka 24. Akaambiwa na mkubwa wake katika elimu kwamba haiwezekani, naye akakubali kuandika kwamba haiwezekani. Tutaeleza kwanza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha tutatazama lina maana gani kwa mtu anayejiandaa kusimama mbele ya watoto.

UTOTO NA SHULE

Cecilia Helena Payne alizaliwa tarehe 10 Mei 1900 katika mji mdogo wa Wendover, Uingereza. Baba yake, Edward Payne, alikuwa mwanasheria, mwandishi wa historia na mpenzi mkubwa wa muziki. Alifariki Cecilia akiwa na umri wa miaka minne tu, na tangu hapo mama yao, Emma, aliwalea watoto watatu peke yake.

Mapenzi ya Cecilia kwa sayansi hayakuanzia katika maabara bali shambani. Siku moja, akiwa mtoto, aliona chini ya miti ya matunda ua la okidi ambalo umbo lake hufanana na nyuki. Hakuwahi kuliona kabla ya siku hiyo, lakini alilitambua mara moja, kwa kuwa mama yake alikuwa amekwisha kumsimulia habari zake. Furaha ya kukitambua kitu kwa macho yake mwenyewe haikumtoka maisha yake yote. Hapa yafaa tukumbuke kwamba mwalimu wa kwanza wa sayansi ni yule mzazi anayemwambia mtoto majina ya vitu.

Familia ilipohamia London, Cecilia alipelekwa katika shule ya dini ambamo sayansi ilipewa nafasi ndogo. Huko alibahatika kumpata mwalimu mmoja, Dorothy Dalglish, aliyetambua kiu ya mtoto huyu. Mwalimu huyo alimpa vitabu vya kusoma na kumpeleka kwenye majumba ya makumbusho. Hakuwa na maabara kubwa wala vifaa vya fahari. Alichokuwa nacho ni jicho la kumwona mwanafunzi. Baadaye Cecilia alihamia shule nyingine ya wasichana ya London, St Paul's, ambako sayansi ilifundishwa kwa ukamilifu. Mwalimu wa muziki wa shule hiyo alikuwa Gustav Holst, mtunzi mashuhuri, naye alimshauri afuate muziki. Cecilia aliupenda muziki, lakini alichagua sayansi.

CAMBRIDGE

Mwaka 1919 alipata msaada wa masomo akaingia Chuo cha Newnham, Cambridge, kusoma elimu ya mimea, fizikia na kemia. Alidhani kwamba atakuwa mtaalamu wa mimea. Ndipo likatokea jambo lililougeuza mwendo wake.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Mei, jua lilikuwa limepatwa, na mwanafalaki Arthur Eddington alisafiri hadi kisiwa cha Principe, karibu na pwani ya Afrika ya Magharibi, ili kupima kama nuru ya nyota hupinda inapopita karibu na jua, kama ilivyotabiriwa na Albert Einstein. Aliporudi alitoa mhadhara Cambridge. Cecilia alipata nafasi ya kuingia kwa bahati tu, baada ya rafiki yake kushindwa kwenda. Aliporudi chumbani mwake aliuandika mhadhara mzima kutoka kichwani, karibu neno kwa neno, na kwa siku tatu hakupata usingizi wa maana. Tangu wakati huo aliiacha elimu ya mimea na kuifuata fizikia, na kwa njia ya fizikia akaziendea nyota.

Mazingira hayakuwa mepesi. Katika mihadhara ya fizikia ya Ernest Rutherford, wanawake walitakiwa kukaa mstari wa mbele. Cecilia alikuwa mwanamke pekee. Mhadhiri alipoanza kusema alimkazia macho, akiwasalimu mabibi kwanza na mabwana baadaye, na vijana wa kiume walipiga makofi na kukanyaga sakafu kwa vishindo. Kila siku aliingia ukumbini akijua kinachomngoja, na kila siku aliingia. Tena alipomaliza masomo yake hakupewa shahada, kwa kuwa Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Kazi aliyoweza kuitarajia nchini mwake ilikuwa kufundisha shule. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini moyo wake ulikuwa katika utafiti. Kwa hiyo mwaka 1923 alipanda meli kwenda Marekani, kwenye kituo cha kuchunguzia nyota cha Harvard, alikokubaliwa na mkurugenzi wake, Harlow Shapley.

KAZI ILIYOMPA JINA

Ili tuelewe alichokifanya, hatuna budi kwanza kueleza jinsi wanafalaki wanavyoweza kujua habari za kitu wasichoweza kukifikia. Nuru ya jua ikipita katika mche wa kioo wenye pande tatu hutawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo zikitazamwa kwa chombo kizuri, huonekana zimekatwa na mistari mingi myembamba myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Kwa njia hiyo wataalamu wa karne ya 19 waliweza kutambua chuma, kalisi, sodiamu na elementi nyingine katika jua.

Harvard ilikuwa na hazina kubwa ya picha za mistari hiyo, zilizopigwa juu ya vioo kwa miaka mingi. Wanawake walioajiriwa kituoni walikuwa wamezichambua kwa uvumilivu wa ajabu. Mmoja wao, Annie Jump Cannon, alizipanga zaidi ya nyota 225,000 katika madaraja kufuatana na mistari yake. Hata hivyo hakuna aliyekuwa ameeleza kwa ukamilifu madaraja hayo yana maana gani. Kwa kuwa mistari ya chuma na metali nyingine ilikuwa mingi katika nuru ya jua, karibu wataalamu wote waliamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vilevile vya dunia, kwa viwango vilevile, ila tu lina joto zaidi.

Ufunguo wa fumbo hilo ulitoka India. Mwaka 1920 mwanafizikia Meghnad Saha alionyesha kwamba joto kali huzing'oa elektroni kutoka katika atomu, na kwamba kukolea kwa mstari fulani hutegemea joto la nyota, si wingi wa elementi peke yake. Cecilia Payne aliichukua nadharia ya Saha na kuilinganisha na vioo vya Harvard.

Tutumie mfano wa darasani. Mwalimu akiuliza swali na mikono mitano ikainuka, je, wanaojua jibu ni watano? La. Wako wanaojua lakini wana haya, na wako waliochoka. Anayehesabu mikono hajahesabu wanaojua. Lakini kama mwalimu anajua kwamba katika kundi fulani ni mmoja tu kati ya kumi anayethubutu kuinua mkono, basi kutokana na mikono michache anaweza kukisia wingi wa kundi zima. Hivyo ndivyo alivyofanya Cecilia. Katika joto la jua, ni sehemu ndogo mno ya atomu za haidrojeni iliyo katika hali ya kuweza kuacha alama katika nuru tunayoiona, ilhali atomu za metali huziacha alama zake kwa wepesi. Metali ni wanafunzi wepesi wa kuinua mkono. Haidrojeni ni kundi kubwa lililonyamaza.

Baada ya hesabu ndefu alikadiria viwango vya elementi 18. Nyingi zilikuwa na uwiano unaokaribiana na ule wa dunia. Mbili hazikuwa hivyo. Heliamu ilikuwa nyingi kupita kiasi, na haidrojeni ilizizidi metali karibu mara milioni moja. Kama hesabu hiyo ni ya kweli, basi jua si dunia iliyopashwa moto, bali ni kitu cha namna nyingine kabisa.

NENO LA MKUBWA

Shapley aliipeleka rasimu ya kazi hiyo kwa Henry Norris Russell wa Princeton, aliyekuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa Marekani. Russell aliisifu sehemu kubwa ya kazi, lakini alijibu kwamba wingi huo wa haidrojeni hauwezekani kabisa. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alisema yale ambayo yeye na wenzake wote waliyaamini, na aliyaamini kwa sababu zilizoonekana kuwa nzuri. Lakini neno lake lilikuwa na uzito wa kumpandisha au kumwangusha kijana asiye na kazi, asiye na jamaa nchini humo, tena mwanamke.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1925, Cecilia aliziacha namba zake kama zilivyo, kisha akaandika kwamba wingi uliojitokeza kwa haidrojeni na heliamu karibu hakika si wa kweli. Alipata shahada ya udaktari kupitia Chuo cha Radcliffe, kilichokuwa cha wanawake, na tasnifu yake ikasifiwa sana.

Miaka minne baadaye, mwaka 1929, Russell mwenyewe alifikia matokeo yaleyale kwa njia nyingine. Alikiri katika maandishi yake kwamba Payne alikwisha kuyapata hayo kabla yake. Hata hivyo kwa muda mrefu wengi walimhesabu Russell kuwa mgunduzi. Leo tunajua kwamba karibu robo tatu za uzito wa jua ni haidrojeni, karibu robo moja ni heliamu, na elementi nyingine zote zikiwekwa pamoja hazifikii sehemu mbili katika mia. Bila ujuzi huo isingewezekana kueleza kwa nini jua huwaka: haidrojeni yake hugeuka kuwa heliamu, na kwa kugeuka huko hutoa nuru na joto linalootesha mahindi yetu.

Alipokuwa mzee, Cecilia Payne hakumlaumu Russell. Alijilaumu yeye mwenyewe kwa kulitii neno la mkubwa wakati aliamini kwamba ameona kweli. Aliwausia vijana kwamba mtu aliye na uhakika wa ushahidi wake ausimamie.

MIAKA YA BAADAYE

Alibaki Harvard maisha yake yote. Kwa miaka mingi alifundisha bila cheo cha mwalimu. Mihadhara yake haikuorodheshwa katika kitabu cha masomo cha chuo mpaka mwaka 1945, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1933, katika safari ya Ulaya, alikutana Ujerumani na mwanafalaki mzaliwa wa Urusi, Sergei Gaposchkin, aliyekuwa katika hatari chini ya utawala wa Nazi. Alimsaidia kupata ruhusa ya kuingia Marekani na kazi Harvard. Walioana mwaka 1934, wakapata watoto watatu, na wakafanya kazi pamoja. Wao na wasaidizi wao walipima nuru ya nyota zinazobadilikabadilika mara zaidi ya milioni moja na robo, na baadaye wakaongeza vipimo vingine karibu milioni mbili vya nyota za Mawingu ya Magellan.

Mwaka 1956 ndipo alipofanywa profesa kamili, akawa pia mwanamke wa kwanza kuongoza idara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Helen Sawyer Hogg, mwanafalaki wa Kanada, na Frank Drake, aliyekuja kujulikana kwa kutafuta dalili za viumbe katika nyota za mbali. Mwaka 1976 alipewa na wanafalaki wa Marekani heshima iitwayo kwa jina la Henry Norris Russell. Alifariki tarehe 7 Desemba 1979.

MWALIMU AFANYE NINI?

Si rahisi kumsoma Russell bila kumwona mwalimu ndani yake. Mmoja wetu, katika miaka yake ya mwanzo ya kufundisha, aliuliza darasa la tatu mwezi huonekana lini. Mtoto mmoja akajibu kwamba huonekana mchana. Andalio la somo lilisema usiku. Mtoto akaambiwa amekosa, wenzake wakamcheka, akaketi. Kengele ilipolia, mtoto yule hakusema neno; alisimama uwanjani akinyosha kidole juu ya paa la darasa, na pale juu, mweupe katika anga ya asubuhi, ulikuwapo mwezi. Mwalimu aliuona. Kesho yake alikiri kosa lake mbele ya darasa lilelile, lakini mtoto yule hakuinua mkono tena kwa muda mrefu. Kusahihisha jibu kulichukua dakika moja; kurudisha ujasiri kulichukua karibu muhula mzima.

Hatusemi kwamba kila jibu la mtoto ni sahihi. Majibu mengi ya kushangaza ni makosa, na mwalimu asiyesahihisha makosa hafundishi. Tunasema kwamba jibu la kushangaza lipokelewe kwa swali kabla ya kupokelewa kwa hukumu. Mwulize mtoto ameonaje, au amehesabuje. Akiwa amekosa, maelezo yake yatakuonyesha kosa liko wapi. Akiwa amepata, maelezo yake yatakuokoa na aibu. Kwa wasichana uangalifu huu uzidi, kwa maana mara nyingi wamekwisha kufundishwa nyumbani na njiani kunyamaza.

Tunapendekeza shughuli mbili kwa darasa la tano au la sita.

Ya kwanza ni ya kutawanya nuru. Weka beseni la maji mahali penye jua la asubuhi. Egemeza kioo cha kujitazamia ndani ya maji, kikilielekea jua, kisha shika karatasi nyeupe mahali ambapo nuru iliyorudishwa na kioo inaangukia, na ugeuzegeuze kioo mpaka rangi za upinde wa mvua zitokee. Waonye watoto wasilitazame jua lenyewe wala mwako wake kiooni, bali karatasi tu. Waeleze kwamba ni katika rangi za namna hiyo, zilizotazamwa kwa vyombo bora zaidi, ndimo Cecilia Payne alimosoma habari za nyota.

Ya pili ni mchezo wa mikono. Mtoe mwanafunzi mmoja nje awe mwanafalaki. Kati ya watoto waliobaki, wape watano jina la chuma na 30 jina la haidrojeni. Agiza kwamba chuma wote wainue mkono, lakini katika haidrojeni ainue mmoja tu kati ya kila kumi. Mwite mwanafalaki, ahesabu. Ataona chuma watano na haidrojeni watatu, naye atasema chuma ni wengi. Usimwambie kwamba amekosa. Mpe kanuni ya mmoja kati ya kumi, umwache ahesabu upya ubaoni. Atakapofikia 30, waambie wote wa haidrojeni wasimame.

Darasa likiwa limesimama hivyo, msimulie Cecilia Payne, hesabu yake na maneno aliyokubali kuyaandika dhidi ya hesabu hiyo. Kisha waulize watoto wangefanya nini wao, na uwe tayari kusikiliza majibu ambayo hayamo katika andalio lako.